Ng'ombe Aliyekonda Katikati ya Majani

Ewe msomaji, ukitoka Subukia kwenda Nakuru utapita Bahati, na mlima Menengai utakuwa mkono wako wa kuume. Udongo mwingi wa pande hizo ni majivu yaliyotemwa na volkeno zama za kale. Majani yake ni mengi, tena hupendeza macho. Walakini walowezi wa Kizungu walipoleta mifugo yao waliona ajabu: ng'ombe alisimama katika malisho mazuri, naye akakonda. Manyoya yalipoteza mng'ao, hamu ya kula ikaisha, damu ikapungua, na mwisho akafa. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la mji wa Nakuru.

Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, alipoteza kondoo wengi sana, akalazimika kuhamishia mifugo Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Wamasai walikuwa wakiijua nchi ile. Hawakukaza kambi katika malisho yale; walipita, wakaendelea mbele penye majani bora na chumvi ya kulamba. Kwao kuhama kulikuwa dawa. Lakini mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa katika Bonde la Ufa, na elimu yao haikuandikwa katika hati yoyote ya shamba. Kasoro ya udongo ilikuwa ya kale. Kilichokuwa kipya ni ua wa seng'enge.

Wataalamu walidhani kwanza kwamba kilichopungua ni chuma. Mwaka 1935 wenzao wa Australia, waliokuwa na ugonjwa kama huo, waligundua kwamba ni kobalti. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: yapata gramu 1 katika tani 10 za majani makavu! Sababu yake ilieleweka baada ya mwaka 1948, vitamini B12 ilipopatikana ikiwa na kobalti ndani yake. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huitengeneza kwa kobalti ya majani, na sisi wanadamu huipata katika nyama, mayai na maziwa. Basi kitu kikikosekana ardhini, huenda kikakosekana kikombeni.

Baada ya uhuru mashamba mengi makubwa ya walowezi yaligawanywa. Leo ng'ombe wengi wa Subukia hawahami kabisa. Hufungwa zizini na kukatiwa majani ya kipande kilekile kila mwaka. Mahindi nayo huuzwa mjini, yakichukua ndani ya gunia sehemu ya madini ya shamba, na mara nyingine hata samadi huuzwa. Mbolea za dukani zinazotumiwa zaidi hurudisha naitrojeni na fosforasi. Kobalti na zinki hazimo katika nyingi ya hizo. Utakapokwenda nyumbani likizoni, tazama kama pana jiwe la chumvi ya madini mbele ya ng'ombe wenu, nawe usome karatasi yake imeandikwa nini.