Waranti ya Kesi Ndogo: Vile Inaweza Kukufuata Hadi Kejani

Umeshikwa na karao juu ya kubeba mtu kwa boda bila helmeti. Unalipa dhamana stesheni, unapewa risiti na tarehe ya korti. Siku ikifika, kuna mzigo wa kupeleka Githurai na rent inadaiwa. Unajiambia, "Si wamebaki na pesa zangu? Hiyo imeisha."

Zii, haijaisha.

Dhamana si faini. Ni ahadi kwamba utafika kortini, na kesi ikiisha unarudishiwa. Ukikosa kutokea, hakimu anaweza kuichukua na kutoa waranti ya kukamatwa. Na waranti haichachi kama maziwa. Kisheria inakaa hadi itekelezwe, ama korti iliyoitoa iifute.

Hapo ndio maisha huanza kukuwa noma. Ukiona roadblock, unapinda kichochoro. Ukiibiwa simu, hupigi ripoti. Ukipoteza kitambulisho, unaogopa kwenda kuchukua abstract. Job mpya ikitaka good conduct, unaahirisha alama za vidole hadi nafasi inapewa mwingine. Na kama mathe ama beshte yako alisimama kama mdhamini, yeye ndiye ataitwa aeleze uko wapi, na anaweza kulipishwa.

Sasa ufanye?

Kwanza, jipeleke kwa korti iliyotoa waranti kabla ushikwe. Beba kitambulisho, risiti ya dhamana na namba ya kesi. Kama ulikuwa mgonjwa ama umefiwa, beba barua ya kuonyesha. Mwombe hakimu aifute. Anaweza kukuonya ama kukupiga faini, lakini mtu amejileta husikizwa tofauti na mtu ameletwa na pingu.

Pili, usihonge. Karao hana nguvu ya kufuta waranti. Utatoa thao mbili leo, na kesho mwingine akushike na ile ile.

Tatu, jua haki zako. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema ukishikwa, ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama muda huo umeishia usiku ama wikendi. Pia, kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, ama jela isiyozidi miezi 6, halifai kukuweka rumande.

So cheki ile risiti iko kwa droo. Kama tarehe ilipita, Jumatatu asubuhi uwe kortini.