Waliocheza Goa na Wasiofika

Historia ina desturi moja ambayo yafaa mwanafunzi aijue mapema. Humwandika yule aliyefika uwanjani, wala haimwandiki yule aliyezuiliwa njiani. Ukifungua kitabu cha mashindano utaona tarehe, idadi ya mabao, na jina la mshindi. Hutaona humo orodha ya wale waliokuwa na miguu myepesi na moyo wa kushindana, lakini hawakucheza kwa kuwa mlango ulifungwa kabla hawajaufikia. Katika insha hii nakuomba, msomaji, tuyatazame pamoja mashindano ya Kombe la Dunia la wasichana wa umri usiozidi miaka 17, yaliyofanywa India katika mwezi wa Oktoba 2022. Tutawatazama waliocheza, na baada yao tutawatafuta wasiofika.

Huenda wewe unayesoma hapa Kombewa, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Bondo, ukauliza India inakuhusu nini. Jibu liko karibu nawe. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa katika Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ndipo Kisumu. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na baadhi yao hawakurudi kwao. Walikaa, wakafungua maduka, na wajukuu wao ni wenyeji wa nchi hii. Tena, jina la Goa, mahali ambapo baadhi ya michezo tutakayoitaja ilichezwa, si geni katika historia yetu. Wareno walipoitawala Mombasa, mkuu wao katika bahari hii alikaa Goa, na amri ya mambo ya pwani ilitoka huko. Ngome iitwayo Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa mwaka wa 1593, ni shahidi wa siku hizo. Basi njia baina ya Afrika Mashariki na India ni ya kale. Lililokuwa jipya mwaka wa 2022 ni kwamba walioipita walikuwa wasichana wa shule, nao walikwenda kucheza mpira.

Kandanda yenyewe si ngeni kando ya Ziwa letu. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka wa 1987, na mpaka leo mzee wa Seme aweza kukusimulia habari hizo kana kwamba zilitokea juzi. Lakini ukimsikiliza sana utatambua kuwa karibu kila jina alitajalo ni la mwanamume. Je, ni kwamba wanawake hawakupenda mpira? Historia yasema sivyo.

Katika Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya silaha waliunda timu zao. Timu moja, Dick, Kerr Ladies ya mji wa Preston, ilicheza Liverpool tarehe 26 Desemba 1920 mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Lakini hali hiyo haikudumu. Katika Desemba 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilivikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu kwa karibu miaka hamsini. Brazil nayo, nchi isifiwayo kwa kandanda kuliko nyingine, iliwakataza wanawake kwa sheria mwaka wa 1941, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka wa 1979. Fikiri, msomaji, msichana aliyezaliwa Brazil mwaka wa 1935: alikuwa mtoto wa miaka sita sheria ilipotungwa, na mtu wa miaka arobaini na minne ilipofutwa. Ujana wake wote ulipita mlango ukiwa umefungwa. Hakushindwa na mtu yeyote uwanjani, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia.

Kombe la Dunia la wanawake lilianza Asia. Lilichezwa mara ya kwanza China mwaka wa 1991, miaka 61 baada ya lile la wanaume. Kombe la wasichana wa umri usiozidi miaka 17 lilikuja baadaye zaidi, New Zealand, mwaka wa 2008. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Mchezaji mtu mzima akikosa mashindano ya mwaka huu aweza kungoja mengine. Msichana wa miaka 16 hana wa kumngojea. Umri wake ni tiketi inayokwisha yenyewe, atumie asitumie.

Ushahidi wa neno hilo tunao katika mashindano yale yale ya India. Yalipangwa kwanza kufanywa mwaka wa 2020. Ugonjwa wa korona ukaifunga dunia. Yakaahirishwa hadi 2021, kisha yakafutwa, na India ikapewa yale ya mwaka wa 2022. Viwanja vilingoja, na majukwaa yalingoja. Lakini kanuni ya 2022 ilitaka wachezaji waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 2005. Wale waliozaliwa mwaka wa 2003 na wa 2004, ambao wangecheza kama mashindano hayangefutwa, walikuwa wamepitwa. Hakuna aliyewakosea katika hilo, maana ugonjwa hauna adabu. Hata hivyo hasara ilikuwa yao.

Hasara ya pili nusura iletwe na watu. Katika Agosti 2022, miezi miwili kabla ya kuanza, FIFA, yaani shirikisho la mpira la dunia, iliifungia India kwa sababu ya mvutano juu ya uongozi wa chama chake cha mpira. Kwa muda wa siku kumi na moja, tangu tarehe 15 mpaka tarehe 26, wasichana wa nchi mwenyeji hawakujua kama wangecheza nyumbani kwao au la. Walicheza, ingawa hawakufua dafu: Marekani iliwafunga mabao 8, Moroko 3, na Brazil 5, wala wao hawakupata hata moja. Lakini kushindwa mbele ya watu wako ni jambo moja, na kuzuiwa hata kushindana ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuwaendee ndugu zetu. Tanzania ilikuwa haijapata kupeleka timu katika Kombe la Dunia la mpira la umri wowote, la wanaume wala la wanawake. Wasichana wake, waitwao Serengeti Girls, chini ya mwalimu wao Bakari Shime, walilazimika mwishoni kuishinda Kameruni, nchi yenye jina kubwa katika kandanda ya Afrika. Waliifunga kwao mabao 4 kwa 1, kisha wakairudia Zanzibar, katika Juni 2022, kwa bao 1 kwa bila. Afrika ikapeleka timu tatu India: Nigeria, Moroko, na Tanzania.

Timu zote zilikuwa 16, na viwanja vilikuwa katika miji mitatu: Bhubaneswar, Margao katika jimbo la Goa, na Navi Mumbai. Tanzania iliwekwa kundi moja na Japani, Ufaransa, na Kanada. Mtu aliyeyatazama majina hayo kwenye karatasi angeweza kudhani kuwa safari yao ni ya kujifunza tu. Tarehe 12 Oktoba, huko Margao, Japani iliwafunga mabao 4 kwa bila, na waliodhani hivyo wakaona wamethibitishiwa.

Siku tatu baadaye, tarehe 15, walikutana na Ufaransa. Kumbuka kuwa Ufaransa ilikuwa imekwisha kulitwaa kombe hilo hilo mwaka wa 2012. Tanzania ilishinda, mabao 2 kwa 1. Katika siku hizo tatu miguu yao haikubadilika, na nguvu za mwili haziongezeki kwa muda mfupi kama huo. Somo la mchezo wa kwanza halikupotea bure: timu iliyofungwa mabao manne ilikataa kuamini kuwa thamani yake ni mabao manne. Tarehe 18, huko Navi Mumbai, walikwenda sare na Kanada, 1 kwa 1, wakawa na pointi 4. Kanada ilikuwa na 2, na Ufaransa 1. Wageni wa mashindano wakaingia robo fainali, na mataifa mawili tajiri yakarudi nyumbani.

Safari yao ilikoma tarehe 22 Oktoba, walipofungwa na Kolombia mabao 3 kwa bila. Kolombia hiyo ilifika fainali, ikashindwa na Uhispania kwa bao 1 tu. Nigeria nayo ilishika nafasi ya tatu. Basi waliowatoa Tanzania hawakuwa wanyonge.

Na sisi je? Katika mwezi huo wote Kenya haikuwa na haki ya kupeleka timu yoyote katika mashindano ya mataifa. Katika Novemba 2021 serikali ilikuwa imeuvunja uongozi wa shirikisho la mpira la nchi, kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. FIFA, ambayo haikubali serikali kuingilia kazi ya vyama vya mpira, iliifungia Kenya tarehe 24 Februari 2022, na kifungo hakikufunguliwa mpaka tarehe 28 Novemba, baada ya kombe kunyanyuliwa India na wageni wote kurudi makwao. Mwezi huo huo wa Februari timu ya wanawake wa Kenya ilikuwa icheze na Uganda kutafuta nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezo haukuchezwa, na Uganda ikapita.

Sisemi kwamba fedha za umma zisilindwe. Mwizi wa fedha za mpira humwibia mchezaji kwanza. Wala sikusudii kuamua hapa nani kati ya wakubwa wale alikuwa na haki. Nakuonyesha jambo moja tu, ambalo halikuzungumzwa sana siku zile: katika ugomvi wa watu wazima, aliyelipa ni kijana asiyekuwa na sauti mezani. Wakubwa waliogombana walikuwa na umri ule ule wa utu uzima walipoanza na walipomaliza. Msichana aliyekuwa na miaka 16 wakati kifungo kilipoanza alikuwa karibu na miaka 17 kilipokwisha.

Mlango ulipofunguliwa, tazama yaliyotokea. Katika Juni 2024 wasichana wa Kenya, Junior Starlets, wakifundishwa na Mildred Cheche, waliishinda Burundi mabao 3 kwa bila huko Addis Ababa, na 2 kwa bila Nairobi. Wakawa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Wanaume, pamoja na sifa zao zote, walikuwa hawajafanya hivyo. Huko Jamhuri ya Dominika, katika Oktoba 2024, walifungwa na Uingereza 2 kwa bila, na Korea Kaskazini, waliokuja kulitwaa kombe, wakawafunga 3 kwa bila. Mchezo wa tatu waliishinda Meksiko 2 kwa 1. Haukutosha kuwapeleka mbele, lakini ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia. Tangu mwaka wa 2025 kombe hilo limepangwa kuchezwa kila mwaka, kwa timu 24, huko Moroko hadi 2029. Mlango umepanuliwa.

Lakini mlango wa dunia hautangulii mlango wa nyumbani. Njia ya kwenda mbali huanzia katika kiwanja cha shule, ikapita mashindano ya wilaya ndogo, ya kaunti, ya mkoa, na ya taifa. Katika kaunti yetu shule kama Nyakach Girls imelifanya jina lake lijulikane kwa njia hiyo. Basi tazama vijijini mwetu saa kumi jioni. Mvulana yuko kiwanjani. Dada yake yuko njiani na ndoo ya maji, au ameinama mbele ya moto, au amembeba mdogo wao mgongoni. Hakuna sheria iliyomkataza kucheza, kama ile ya Brazil. Hakuna chama kilichomnyima kiwanja, kama kile cha Uingereza. Hata hivyo hayuko. Na katika matokeo ya mashindano ya mwaka huu hutaliona jina lake wala sababu ya kukosekana kwake.

Kwa hiyo, msomaji, jifunze kuuliza maswali mawili kila usomapo habari za ushindi. La kwanza, nani alishinda? Hilo kitabu kitakujibu. La pili, nani hakuwapo, na nani alimzuia? Hilo itakubidi ulitafute mwenyewe. Kama wewe ni mvulana, jibu moja laweza kuwa ndoo ambayo ungeweza kuichota wewe siku mbili katika wiki. Kama wewe ni msichana, na mwalimu akitangaza kesho kuwa anatafuta wachezaji, usingoje mwaka ujao ili uone kwanza wenzako watafanyaje. Wasichana wa Tanzania walifungwa manne siku ya kwanza, nao wakapata siku ya pili ya kujirekebisha. Aliyebaki nyumbani hakuipata hata ile ya kwanza.