Siku Tano za Kuandaliwa, Miaka Mingi ya Kuzoea

Ndugu wasomaji, na ninyi watoto wetu mliozaliwa au kukulia hapa Sydney, heri ya 30 Juni. Kila mwaka siku hii hutukuta katika baridi. Kule Bukavu, Goma na Uvira ni kiangazi. Hapa tunaingia ukumbini na makoti juu ya vikwembe, harufu ya sombe ikitupokea mlangoni.

Uhuru tunaoukumbuka leo ulikuwa wa nchi. Lakini ulikuwa pia uhuru wa mtu kuamua mwenyewe namna ya kuishi. Kwa hiyo mwaka huu naandika juu ya jambo ambalo kila familia yetu imelipitia: kuingia katika utamaduni mwingine, na namna watu wanavyoandaliwa kwa safari hiyo.

Walioitwa "walioendelea"

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kupanda ndege yoyote. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Mkongo aliyesoma aliweza kuomba hati ya kuthibitisha kwamba anaishi kistaarabu. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikafuata hati ya juu zaidi, immatriculation. Waliozitafuta waliitwa évolués, yaani "walioendelea". Wakaguzi walifika hadi nyumbani kwa mtu. Waliangalia vyombo vya mezani, usafi, na jinsi mume na mke wanavyoishi. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia mlango huo kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1960.

Fikirini: mtu alitakiwa kugeuka akiwa ndani ya nchi yake. Na hata alipogeuka, bado hakuhesabiwa sawa na Mzungu.

Ardhi hii nayo ina kisa chake

Wengi wetu tunaishi Blacktown, katika ardhi ya Wadarug, bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Mwaka 1814 Gavana Lachlan Macquarie alianzisha shule ya watoto wa Waaborijini huko Parramatta. Watoto walitenganishwa na wazazi wao ili wafundishwe kuishi kama Waingereza. Mwaka 1823 shule hiyo ilihamishiwa mahali palipokuja kuitwa Blacktown. Kwa hiyo jina tunaloliandika kwenye anwani zetu linatokana na jaribio la kuwageuza watoto wa wenye nchi.

Wageni nao walipimwa. Kuanzia 1901 hadi 1958, ofisa wa bandarini aliweza kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aliyoichagua ofisa, na mgeni akashindwa kuyaandika akafukuzwa. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa, alisomewa hapa Sydney kwa Kigaeli cha Uskoti. Mtihani huo haukuwekwa ili mtu aufaulu. Ulikuwa mlango uliofungwa, na watu wa rangi yetu ndio hasa waliofungiwa.

Mlango ulivyofunguka

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Australia ilihitaji watu. Kati ya 1947 na 1971 zaidi ya wahamiaji 300,000, wengi wao kutoka Ulaya, walipitia kambi ya Bonegilla huko Victoria. Mwaka 1948 serikali ilianza masomo ya Kiingereza kwa wahamiaji, na baadhi yao walifundishwa wakiwa bado melini. Hiyo ilikuwa hatua njema, ingawa matarajio ya wakati ule yalikuwa kwamba mgeni ataacha lugha na desturi zake na kumezwa na wengine.

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Serikali ya Gough Whitlam iliondoa mabaki ya sera ya kupendelea wahamiaji weupe. Na huduma ya wakalimani kwa simu ikaanza Sydney na Melbourne. Kwa mara ya kwanza, nchi ilikubali kwamba mtu asiyejua Kiingereza ana haki ya kueleweka leo, bila kusubiri mpaka ajifunze.

Siku tano

Wale kati yetu waliokuja kama wakimbizi wanakumbuka darasa la AUSCO, mafunzo ya utamaduni wa Australia yaliyoanza mwaka 2003 na kuendeshwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Ni ya hadi siku tano, kabla ya safari. Watu waliokaa kambini miaka kumi au zaidi walielezwa juu ya ndege, sheria, benki, shule, hospitali na haki za mwanamke na mtoto. Waliambiwa pia kwamba watashtuka.

Mshtuko huo ulielezwa zamani. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza mjini Rio de Janeiro mbele ya wanawake wa kigeni waliokuwa wakiishi huko. Alisema mgeni huanza na fungate, kila kitu kikimpendeza. Kisha huja kipindi cha hasira na huzuni, ambapo chakula, watu na hata hewa humchosha. Baadaye hupata nafuu, na mwisho huzoea. Alitaka wamsikie kwamba hilo ni kama ugonjwa wenye dalili na wenye kupona, wala si aibu ya mtu mmoja.

Laiti sote tungelikumbuka hilo mwezi wa tano baada ya kufika! Maana darasa haliwezi kufundisha yote. Dukani mtu anakuuliza hali yako, na kabla hujamaliza kumjibu ameshapiga hesabu ya maziwa. Jirani ni mwema, lakini huwezi kubisha hodi bila kupiga simu kwanza. Mtoto anainamisha macho mbele ya mwalimu kwa heshima tuliyomfundisha, na mwalimu anadhani anaficha kitu.

Gumu kuliko yote ni kwamba hatuzoei kwa mwendo mmoja. Mtoto hushika Kiingereza kwa miezi, mzazi kwa miaka. Ndipo mtoto wa miaka kumi na mmoja anasoma barua za nyumba, na kumtafsiria mama yake maneno ya daktari ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Baba aliyekuwa akishauriwa na ukoo mzima anamsubiri mwanawe atoke shuleni ndipo ajue barua inasema nini. Nyumba nyingi zimepasuka hapo, bila mtu kukosa upendo. Wazazi, ile huduma ya wakalimani ya 1973 ingalipo, kwa namba 131 450. Mwombeni daktari aitumie. Na tangu Aprili 2021 masomo ya serikali ya Kiingereza hayana tena kikomo cha saa 510 kwa wenye haki ya kuyapata. Hata aliyeacha zamani aulize tena.

Mwalimu wa siku ya sita

Siku tano zikiisha, nani anafundisha siku ya sita? Kwa wengi wetu alikuwa ndugu aliyetangulia. Ndiye aliyekuja uwanja wa ndege na blanketi, akaonyesha kadi ya Opal inavyoguswa, akaeleza dhamana ya nyumba ni nini, na akasema usiku ule wa kilio, "Hata mimi nililia. Itapita." Shirika la STARTTS, linalowahudumia walionusurika vita na mateso hapa New South Wales tangu 1988, limejenga mafunzo ya familia juu ya wazo hilo hilo: mwelekezaji anatoka katika jamii yenyewe na anazungumza lugha ya wanaomsikiliza.

Chama chetu kimeifanya kazi hiyo kwa miaka, mara nyingi bila kuiita kazi. Ombi langu ni kwamba kila familia iliyokwisha kuzoea ichukue familia moja mpya na kutembea nayo mwaka mzima, hasa ile miezi ya hasira.

Nanyi watoto, msione haya kwa wazazi wenu wanaochelewa. Lumumba alikaguliwa ili aonekane ametosha. Watoto wa Wadarug waliondolewa nyumbani ili wawe watu wengine. Ninyi hamtakiwi kulipa bei hiyo. Jifunzeni njia za hapa, mzijue vizuri kutupita sisi. Kisha rudini mezani mtuambie habari zake kwa Kiswahili.