Mpwapwa: matarajio ya uchumi wa mji

Mpwapwa ni makao makuu ya wilaya katika Mkoa wa Dodoma, kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Katika karne ya 19 palikuwa kituo maarufu cha misafara: wapagazi waliotoka Bagamoyo walipata hapa maji na chakula kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika kavu iliyotangulia Ugogo, nchi ya Wagogo. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilipitia kituo cha Gulwe, nje ya mji, ikauacha mji kando. Misafara ikafa, na biashara ya Ugogo ikahamia Dodoma.

Kilichoubakiza mji ni mifugo na elimu. Kituo chake cha utafiti wa mifugo, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), ndicho kilichozalisha ng'ombe wa Mpwapwa, chotara wa maziwa na nyama mwenye damu ya zebu wa kienyeji, Sahiwal na Sindhi, anayestahimili ukame. Kuna pia chuo cha Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) na Chuo cha Ualimu.

Sasa soko limesogea karibu. Serikali ilipohamia Dodoma, wakazi wa jiji hilo waliongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 mwaka 2022, na wote wanakula. Tangu 2024 treni za reli ya kisasa (SGR) zinapita Gulwe kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Lakini reli ilishapita Gulwe kwa zaidi ya miaka mia bila kuutajirisha mji, na kituo cha abiria peke yake hakitabadili hali hiyo. Vitunguu vya Lumuma, wilayani humo, bado vinaondoka vibichi kwenye malori, ng'ombe wa minadani wanasafirishwa hai, na faida inabaki kwa wenye maghala na machinjio ya kwingine. Yakuti za Winza, kijiji cha wilaya hiyo hiyo, zilizovuta umati wa wachimbaji mwaka 2008, ziliondoka vivyo hivyo, bila kuacha kiwanda.

Hatari kubwa ni maji. Mafuriko ya Mto Kinyasungwe yamekata reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisimamisha safari kwa miezi. Kwa hiyo kutunza miteremko ya milima inayouzunguka mji, ili kupunguza mafuriko, ni kazi ya uchumi.

Halmashauri itenge mapema ardhi ya machinjio na maghala ya ubaridi karibu na Gulwe, kabla haijakatwa viwanja vya nyumba.