Hiari ya Kurudi na Haki ya Kubaki

Reli ya Kati ikishapita Manyoni na Itigi, hapa mkoani Singida, huingia Tabora. Huko, mwaka 1972, yalifunguliwa makazi ya Ulyankulu kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Katumba ilifuata mwaka 1973. Maji na ardhi ya Ulyankulu vilipozidiwa na wingi wa watu, baadhi yao walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Walifyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku, wakasomesha watoto kwa Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka thelathini waliishi hivyo, wakiitwa wakimbizi.

Nawarejea majirani zetu hawa kwa sababu neno "hiari" hutumiwa kwa wepesi mno pale urejeshaji wa wakimbizi unapojadiliwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, katika ibara yake ya tano, unakataza mkimbizi kurejeshwa kinyume cha ridhaa yake. Tanzania imeridhia mkataba huo. Hata hivyo, Desemba 1996 Wanyarwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waliambiwa wawe wameondoka ifikapo mwisho wa mwezi, na askari wakawasukuma kuelekea mpakani. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa, na Warundi wapatao 35,000 wakarudishwa kwao baada ya kuvuliwa hadhi ya ukimbizi. Sioni ni kwa kipimo gani safari hizo zingeweza kuitwa za hiari.

Mwaka 2007 lilifanyika jambo tofauti. Serikali ya Tanzania, ile ya Burundi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilikubaliana kuwauliza wakimbizi wa 1972, waliokuwa wapata 218,000: mnataka kurudi, au kuwa raia wa hapa? Takriban asilimia 80 walichagua uraia. Waliosalia, zaidi ya watu 50,000, walisaidiwa kurejea. Kwa maoni yangu, hao ndio waliorudi kwa hiari kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa mlango wa kubaki ulikuwa wazi.

Lakini swali lililoulizwa kwa kaya nzima halikuwa na jibu moja ndani ya kaya. Mzee aliyeondoka Rumonge akiwa kijana alikumbuka michikichi ya baba yake na kutamani kuzikwa huko. Mwanawe, mzaliwa wa Mishamo, hakuwahi hata kuiona Burundi. Na michikichi yenyewe ilikuwa mikononi mwa wengine. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 yaliahidi mali irudishwe au ifidiwe, ilhali sheria ya ardhi ya Burundi ilimlinda aliyekalia shamba kwa miaka thelathini. Tume iliundwa kusuluhisha. Mara nyingi iliishia kuligawa shamba kati ya familia mbili, zote zikiwa maskini. Watoto waliotoka shule zetu walikuta masomo yakifundishwa kwa Kifaransa, na wapo walioshushwa madarasa. Fedha ya nauli na mgao wa chakula wa miezi michache, ambavyo ndivyo msaada mkuu uliotolewa, havigusi matatizo ya namna hii.

Waliobaki nao hawakupata utulivu mara moja. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa uraia, wakaukana ule wa Burundi, kisha wakatakiwa kuyahama makazi na kutawanyika katika mikoa mingine. Vyeti vilishikiliwa hadi 2014, mpango wa kuwatawanya ulipoachwa. Kwa miaka hiyo yote mtu hakuwa na karatasi ya nchi yoyote, na kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye shamba alilolima tangu utoto kulikuwa kucheza bahati nasibu.

Burundi ilipochafuka tena mwaka 2015, miongoni mwa waliovuka mpaka kuja Kigoma walikuwamo watu waliokwisha kurejeshwa kwao miaka michache kabla. Safari hii walipelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na kuanzia Septemba 2017 wakaanza kuandikishwa upya kwa ajili ya kurudi.