UZI: Kisima kimechimbwa, maji yako, mbona ng'ombe bado wanakufa?

1/ Kampeni zikifika kaskazini mwa Kenya, ahadi ni ileile: visima, visima, visima. Ukame nao ukifika, redioni unasikia wimbo mwingine: wafugaji wana ng'ombe wengi mno, wapunguze. Pande zote mbili zinasahau kitu kimoja. Watu wa nchi kavu walikuwa na sheria ya maji kabla ya serikali yoyote. Tuipitie pole pole.

2/ Tuchukue Waborana, wanaoishi Isiolo, Marsabit na kusini mwa Ethiopia. Kule Ethiopia wana visima maarufu vinavyoitwa tula, vikundi 9, vingine vina kina cha karibu mita 30. Hakuna mashine. Vijana wanasimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono isipoteze mpigo.

3/ Kisima kina mwenyewe. Aliyeanzisha uchimbaji anaitwa aba konfi, na haki yake inabaki katika ukoo wake. Lakini si ati anakaa pale akiuza maji. Shughuli za kila siku ziko chini ya aba herega, mzee wa zamu. Yeye ndiye anajua leo ni ng'ombe wa nani, kesho wa nani, nani hajaleta watu wa kusafisha kisima, na nani atozwe faini.

4/ Mpita njia mwenye kiu hanyimwi maji. Hilo halina mjadala. Lakini mtu akitoka mbali na kundi la ng'ombe 200, lazima abishe hodi kwanza, aeleze ametoka wapi na atakaa siku ngapi. Akikubaliwa, anapangiwa zamu yake. Kwa hivyo ukiulizwa kama maji ni ya mtu au ni ya wote, jibu la mzee wa kule ni: inategemea umekuja vipi.

5/ Sasa kuna hesabu ambayo watu wa mjini wengi hawaijui. Ng'ombe wa Borana huzoeshwa kunywa mara moja kila siku 3 wakati wa kiangazi. Si ukatili. Ng'ombe anayekunywa kila siku hawezi kwenda mbali na kisima, maana jioni lazima awe amerudi. Anayekunywa kila siku ya tatu anaweza kwenda mara mbili ya umbali huo, hata zaidi. Na ukiongeza umbali mara mbili pande zote, eneo la malisho linakuwa mara nne. Kisima ni kilekile, nyasi ni mara nne. Hiyo ni sayansi, hata kama haikuandikwa kwa kitabu.

6/ Kundi pia linagawanywa. Ng'ombe wa maziwa na ndama wanabaki karibu na boma, hao ni warra. Madume na ng'ombe wasiokamuliwa wanapelekwa mbali na vijana, hao ni fora. Watoto na wazee wanapata maziwa nyumbani, na nyasi za karibu haziishi kwa wiki moja.

7/ Huku kwetu Isiolo, utaratibu huu unaitwa dedha. Dedha ni eneo la malisho pamoja na baraza la wazee wanaolisimamia. Nchi inagawanywa kwa misimu. Mvua ikinyesha, watu wanahama mbali na mto Ewaso Ng'iro, wanatumia madimbwi ya mvua huko nyuma. Kiangazi kikija wanarudi kando ya mto na kwa visima. Halafu kuna akiba, kama upande wa Yamicha, kaskazini ya Merti, ambayo haiguswi mpaka hali iwe mbaya kabisa.

8/ Kwa maneno mengine, benki yao ni nyasi, na funguo ya benki ni maji. Bila maji huwezi kulisha mahali, hata nyasi ziwe hadi kiunoni. Ndiyo maana wazee walilinda kisima cha akiba kuliko kitu kingine. Ukikifungua mapema, umekula mbegu.

9/ Nini kilivunja mpango huu? Tuanze na mkoloni. Mwaka 1926 wilaya za mpaka wa kaskazini zilifungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Waborana wengi wakahamishwa kutoka visima vya Wajir hadi Isiolo. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, ikaupa utawala nguvu za kuamua kabila gani lilishe wapi. Mfugaji anayefuata mvua akawa mhalifu kwa kuvuka mstari wa ramani.

10/ Na hili la "punguzeni ng'ombe" si geni hata kidogo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilinyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema ardhi imechoka. Ng'ombe waliuzwa bei ya kutupa, na karibu hapo Athi River kulikuwa na kiwanda cha nyama kikiwangoja. Maelfu ya watu walitembea kwa miguu hadi Nairobi kulalamika, wakakaa huko wiki nyingi, na serikali ikarudi nyuma. Kumbuka: wakati huo ardhi kubwa nzuri ya Ukambani ilikuwa tayari mikononi mwa walowezi. Swali la "ng'ombe ni wengi" lilificha swali la "ardhi ilienda wapi".

11/ Uhuru ukaja. Vita vya shifta, 1963 hadi 1967, vikamaliza mifugo ya Isiolo: wengi waliuawa au kuchukuliwa, na watu wakakusanywa kwa vijiji vyenye ulinzi. Mwaka 1965 Waraka wa Bunge Nambari 10 ukasema pesa za maendeleo ziende kwanza kule mvua inanyesha na mavuno ni ya haraka. Nchi kavu, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya Kenya, ikaambiwa isubiri.

12/ Na pesa zilipofika hatimaye, zilikuja kama maji. Silanga, kisha visima vya mashine na genereta. Nia ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Shida ni mahali. Vingi vilichimbwa katikati ya malisho ya msimu wa mvua, mahali ambapo zamani palipumzika kwa sababu maji yalikauka. Sasa kuna maji mwaka mzima, kwa hivyo ng'ombe wapo mwaka mzima. Mji mdogo unaota, duka, shule, msikiti. Baada ya miaka michache, ukizunguka kisima unaona vumbi tupu.

13/ Ndiyo maana mnaona zile picha za ng'ombe amelala amekufa kando ya birika lililojaa. Hakufa kwa kiu. Amekufa kwa njaa, na nyasi za karibu ziko mbali kuliko nguvu zake. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Kwa ukame wa namna hiyo dedha pekee isingetosha. Lakini akiba ikiwa imeliwa mapema, hakuna mahali pa kukimbilia.

14/ Sasa upande mwingine, maana uzi huu si wa kusifu tu. Baraza la wazee ni la wazee wanaume. Akina mama, ambao ndio wanakamua na kujua ndama gani anakonda, hawakuwa na kiti. Faini ya ng'ombe mmoja haimtishi tajiri wa mjini mwenye makundi ya kuchungiwa na vijana wa mshahara, wala mwenye bunduki kutoka kaunti ya pili. Na watu wameongezeka, ardhi imepungua. Anayesema turudi 1900 anawachezea.

15/ Ila haya yana dawa. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kuisajili na kutunga kanuni zake za malisho. Isiolo yenyewe, wazee wa dedha wamewahi kukubaliana kuzima genereta za visima vya akiba wakati wa mvua na kuziwasha kiangazi tu. Mashine ya kisasa, sheria ya zamani. Hakuna ugomvi hapo.

16/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya kisima, msimpigie makofi haraka. Muulizeni: Kinachimbwa malisho ya msimu gani? Nani atashika ufunguo wa genereta? Kitafungwa lini? Jirani wa kaunti ya pili akija na ng'ombe, ataongea na nani? Na hayo makubaliano yataandikwa wapi ili mahakama iyatambue?

17/ Na yule wa "wapunguze mifugo" naye aulizwe: njia za kuhamia zilizozibwa na mashamba, ua na miji, zitafunguliwa? Soko litakuwepo kabla ng'ombe hajakonda, ama mnunuzi atangojea bei ishuke kama 1938?

18/ Mzee wa zamu angewauliza hayo yote kabla ya ndoo ya kwanza kushuka kisimani. Sisi tunauliza baada ya mizoga. Shiriki uzi huu na mtu wa kwenu anayepiga kura kaskazini.