Somo la Historia: Kinamasi cha Rugezi na Maji ya Kagera

Neno letu la leo ni mboji. Liandikeni daftarini.

Mboji ya migombani mnaijua: mwatandaza nyasi, zaoza, mgomba wapata chakula. Mboji ya kinamasi ni nyingine. Mafunjo yakifa majini hayaozi upesi, maana hewa haiyafikii. Hulundikana kwa maelfu ya miaka, yakawa tabaka jeusi linaloshika maji kama sifongo. Ukichimba mfereji na maji yakatoka, hewa huingia. Mboji huoza, hukauka na kudidimia. Hata moto waweza kuishika.

Sasa tuufuate mto Kagera kutoka daraja la Kyaka kwenda juu, mpaka milima ya kaskazini ya Rwanda. Huko kipo kinamasi cha Rugezi, zaidi ya hekta 6,000. Maji yake huingia ziwa Burera, yakashuka ziwa Ruhondo, na mwisho yakafika kwetu. Kati ya maziwa hayo mawili ilijengwa stesheni ya umeme ya Ntaruka, iliyofunguliwa mwaka 1959.

Watu waliongezeka, ardhi ikawa haba. Wakachimba mifereji Rugezi, wakalima. Mvua nazo zikapungua, na mitambo ikavuta maji mengi kuliko yaliyoingia. Kwa hiyo msimtwike mkulima lawama yote. Ziwa Burera likashuka. Kufika mwaka 2004 umeme wa Ntaruka ulikuwa umepungua mno. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli, na bei ya umeme ikapanda.

Ndipo kilimo kikakatazwa kinamasini. Kandokando pakapandwa miti na nyasi, na milimani watu wakakata matuta ya kuzuia udongo. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika mapatano ya Ramsar, ambayo kwayo mataifa hulinda ardhi za namna hii. Mafunjo yakarudi, maji yakapanda, na baadaye Ntaruka ilikuwa ikifanya kazi sawasawa tena.

Lakini je, yule aliyekuwa akilisha watoto wake kwa viazi vya kinamasini? Aliondolewa kwanza, njia nyingine, kama mizinga ya nyuki, zilikuja baadaye. Kwa maoni yangu ilipasa zitangulie.

Nasi tunao mto Ngono, unaokwenda kaskazini kuingia Kagera, na mabonde yake ya maji. Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja amwulize mzee wa kijijini kwake: ulipokuwa mtoto, maji ya bonde letu yalifika wapi? Jibu lake mliandike kwa sentensi tatu.